Mng'ongo niliodhani umekufa

Kiwanja changu cha Igombe nilikinunua mwezi wa nane mwaka 2016, na kama unaijua Mwanza ya mwezi wa nane basi unanielewa, mvua ya mwisho imeshasahaulika, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, nyasi zote zina rangi moja na udongo, na yale mawe yetu makubwa yanaonekana makubwa zaidi maana hakuna kijani cha kuyafunika. Hela ile nilikuwa nimeikusanya miaka sita kwa biashara ya dagaa, nachukua mwaloni Kirumba, pale soko la samaki ziwani, napeleka mpaka Kahama, kwa hiyo siku nimekabidhiwa karatasi zangu nilisimama katikati ya kiwanja nikalia. Nikataka kuanza ujenzi wiki hiyohiyo. Haraka ile ndo iliniponza.

Kulikuwa na miti miwili mikubwa, yote ming'ongo. Mmoja juu karibu na jiwe, mwingine chini kwenye njia inayoshuka ziwani. Yote miwili haikuwa na jani hata moja, gome la kijivu limebanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani, na ule wa juu tawi lake moja kubwa lilikuwa limevunjika kabisa. Nikawaambia vijana huu umekufa, utoeni, ndo hapa msingi unapita. Wakaukata siku mbili kwa shoka na msumeno, nikawalipa, kuni nikawaachia.

Kuna kitu nilikiona siku ile na sitakisahau. Kisiki kilikuwa kimelowa. Ule mti kwa ndani ulikuwa mweupe unaelekea waridi, na ukiweka kiganja unahisi ubaridi na unyevu, kiganja kinatoka na maji. Mti uliokufa haulowi hivyo. Niliweka mkono wangu pale, nikaona, nikaondoka zangu.

Jirani yangu ni bibi mmoja wa siku nyingi pale, sisi wote tunamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Wakati tunakata alikuwa Sengerema kwa binti yake. Aliporudi alipita asubuhi, nikamsalimia mwangaluka mayu, akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye kisiki. Akakaa kimya muda mrefu. Afu akasema, "Mwanangu, umekata jike. Huyu aliyebaki kule chini ni dume."

Sikumwelewa. Nikajua labda ni mambo ya mila. Kumbe alikuwa anasema kitu cha kweli kabisa, mng'ongo una dume na jike kama ng'ombe, mti mmoja unatoa maua ya kiume tu na mwingine maua ya kike tu, na anayezaa ni jike peke yake. Watoto wa pale wote walikuwa wanaokota ng'ongo chini ya ule mti wa juu. Yeye mwenyewe ameziokota pale tangu aolewe. Na mimi nikabaki na dume, ambalo mpaka leo kila mwaka linachanua vizuri, nyuki wanajaa mpaka mti unavuma, na halijawahi kunipa tunda hata moja wala halitanipa.

Niliumia sana. Nilimwomba msamaha Mayu kwa magoti na hakunigombeza, ila aliniambia kitu ambacho ndo kilibadilisha namna ninavyoishi pale. Alisema, "Wewe dagaa unamjua. Unajua mwezi ukiwa mkubwa hakuna dagaa, je unasema ziwa limekufa?"

Kweli nilinyamaza. Sisi watu wa dagaa kalenda yetu iko angani, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalala maana taa zao hazivuti kitu, giza likirudi mitumbwi inatoka, na hakuna mtu wa mwaloni atakayetazama vichanja vitupu katikati ya mwezi akalia kwamba dagaa wameisha. Tunajua kusubiri. Lakini kwenye miti sikuwa na kalenda yoyote, nimekulia Kirumba kwenye nyumba za kupanga, miti niliyoijua ni mwarobaini na mkrismasi, ambayo yote ni wageni, mwarobaini umetoka Asia na mkrismasi Madagaska. Ya kwetu wenyewe nilikuwa naiita tu pori.

Basi nikasimamisha ujenzi. Watu waliniona nimechanganyikiwa, mafundi wameshalipwa nusu, matofali yameshashuka. Nikasema nakaa mwaka mzima naangalia hiki kiwanja kwanza, sikati kitu mpaka nikione kimezunguka misimu yote. Nikanunua daftari la kaunta na nikawa naandika kila nikifika, siku nyingine mstari mmoja tu.

Kitu cha kwanza Mayu alichonifundisha ni ukucha. Unachukua kitawi cha mti usio na majani, unakwangua gome kidogo tu kwa ukucha wa kidole gumba, si zaidi ya punje ya mchele. Chini yake kukiwa kijani na kuna ubichi, mti umelala. Kukiwa kahawia na kukavu mpaka ndani, hicho kitawi kimekufa, ila nenda kakwangue kingine kabla hujasema mti wote. Siku ile nilizunguka kiwanja kizima nakwangua, na kila nilipokwangua kulikuwa kijani. Kila mahali. Vile vichaka vyote nilivyokuwa nimewaambia vijana wavifyeke kesho yake vilikuwa hai.

Mwezi wa tisa mwishoni, mvua bado kabisa, lile dume kule chini likaanza kutoa maua. Hakuna jani hata moja lakini mashada yananing'inia kwenye ncha za matawi, vichomozo vyekundu vya zambarau, vikifunguka vinakuwa vyeupe vya waridi. Nikajiuliza maji limeyatoa wapi wakati hata kisima cha jirani kimeshuka. Jibu lilikuwa lile lile nililoligusa kwa kiganja kwenye kisiki. Limeyaweka kwenye shina na mizizi tangu masika, linadondosha majani ili maji yasipotee hewani, afu linayatumia kuchanua kabla ya mvua, maua yakimaliza kazi yake mvua ikifika tayari kuna vitunda vinavyongoja maji. Miti mingi ya huku kwetu iko hivyo, haingoji mvua ianze ndo na yenyewe ianze. Ule mwamba ngoma ulioko nyuma ya jiwe ndo kabisa, unawaka maua mekundu kiangazi kikali wakati kila kitu kingine kiko kimya, na ndege wadogo wa asali wanahamia pale. Nikaja kuelewa ndege wale wangekula nini mwezi ule kama mimi ningemaliza kufyeka.

Mvua za vuli mwaka ule zilitukuta mwezi wa kumi na moja. Nimeandika kwenye daftari, "mvua kubwa usiku, asubuhi kumbikumbi." Siku chache baadae nikiwa nachota maji nikaona kitu kimesimama kwenye udongo mtupu kati ya mawe mawili, ua jekundu mviringo kama mpira wa watoto, limejaa vijiua vyembamba mno na ncha za njano, liko kwenye bua moja nene na halina jani hata moja. Nilipiga magoti kulitazama. Mayu akaniambia kila mwaka linatoka hapohapo, lina kitunguu chake huko chini, mvua ya kwanza ikilowesha tu linasukuma ua, majani yanakuja baadae, na mbuzi hawaligusi maana ni sumu. Yaani kile kipande ambacho niliona ni udongo wa bure kilikuwa na mtu wake ndani. Kwenye ramani ya fundi pale palikuwa choo. Tukasogeza choo.

Na ni wiki hizohizo kisiki kilichipua. Kwa uchungu nilikuwa nakipita kila siku bila kukitazama, sasa asubuhi moja nikaona pembeni mwa gome kuna vidole vyekundu vinne vitano vimetoka, laini, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Nilikimbia kwa Mayu na khanga ya ndani. Akacheka, akasema shina mmekata lakini mizizi hamjaigusa, mizizi ni ile ile na mti ni ule ule, huyo ni jike bado. Akaniambia niache machipukizi mawili yenye nguvu, mengine niyaondoe yakifika kimo cha goti, na nizungushie miba mbuzi wasiyafikie.

Hili la kisiki nilikuja kulielewa zaidi kwa shangazi yangu Kishapu. Kule Shinyanga zamani miti ilifyekwa vibaya sana, mingine kuua mbung'o, mingine kufungua mashamba ya pamba, mpaka nchi ikawa jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha ule mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, wengi wanaujua kama HASHI, na jambo kubwa walilofanya lilikuwa kuwarudisha watu kwenye ngitili. Ngitili ni ya Wasukuma tangu enzi za mababu, unatenga eneo la malisho, mvua zikianza unalifunga, ng'ombe hawaingii, nyasi zinakua zinamwaga mbegu, afu kiangazi kikikaza kuanzia mwezi wa saba hivi ndo unafungua kidogo kidogo. Sasa mifugo ilipozuiwa kuingia, visiki na mizizi iliyokuwa imelala chini miaka yote ikachipua yenyewe. Shangazi anasema kuna migunga shambani kwake ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Watu walidhani pori limekufa na lilikuwa chini ya miguu yao linaliwa tu kila likitoa kichwa.

Niliporudi nikafunga kona yangu moja, robo ya kiwanja, ngitili ndogo kabisa. Hapo sikuingia na jembe wala panga kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa saba. Mwaka wa kwanza nyasi tu. Mwaka wa pili nikahesabu miche tisa ambayo sikuipanda, mitatu ikiwa mikwaju. Mkwaju, ambao ukwaju wake Wasukuma tunauita bushishi, huwa haukai uchi muda mrefu kama mng'ongo, unabaki na majani yake madogo madogo karibu mwaka mzima na unapukuta kidogo tu ukibanwa na ukame, na matunda yake yanaiva kiangazi, na hicho ndo kipindi ambacho watu wanahitaji kitu kichachu kwenye uji na mboga nyingine hakuna.

Mgagani ulinifundisha kwa kunikosesha. Ule mnaoujua wenye vijani vitano kama vidole vya mkono, mchungu, ukiungwa na karanga unasahau nyama. Mvua zikianza unajiotea kwenye zizi la zamani la Mayu pale kwenye mbolea, wiki ya tatu ya nne unachuma. Nikaona kwa nini ninunue fungu sokoni, nikakusanya mbegu zilipokauka nikazimwaga tuta langu wiki ileile. Hazikuota. Nikamwaga tena, hazikuota. Nikalaumu udongo. Mayu akaniuliza mbegu ni za lini, nikasema za juzi, akasema hizo bado zimelala, zifunge kwenye kitambaa uzitundike jikoni mpaka mvua nyingine. Nikazitundika miezi minne, nikazimwaga, tuta likajaa. Mbegu mpya ya mgagani ina usingizi wake, na ukifikiria ni akili kubwa, maana ingekuwa inaota siku inapodondoka ingeota kwenye mwisho wa mvua na kufa yote. Siku hizi nabana na vichwa vinavyotaka kutoa maua, ukibana unachuma wiki nyingi zaidi, ila mashina mawili matatu nayaacha yachanue na kukauka yenyewe kwa ajili ya mwaka ujao.

Kwenye hilo daftari mwaka 2020 umejaa habari za ziwa peke yake. Mvua za mwaka uliotangulia hazikukatika vizuri, mwezi wa tano ziwa likapanda kiwango ambacho hakijaonekana tangu miaka ya sitini, sehemu tulizokuwa tunaanikia dagaa zikafunikwa, njia ya kushuka ufukweni ikawa inaishia majini. Mafunjo yaling'oka vipande vizima na mizizi yake yakawa yanaelea kama visiwa, asubuhi unayaona huku, jioni upepo umeyapeleka kule. Miti ya ufukweni ilisimama ndani ya maji miezi na miezi. Mingine ilikaukia palepale imesimama, na safari hii nilipokwangua kwa ukucha kulikuwa kahawia mpaka ndani, kila kitawi. Hiyo nayo lazima niiseme, kwamba kuna mti uliolala na kuna mti uliokufa kweli, na kwa mbali vinafanana kabisa. Ila kuna kichaka kimoja cha majini, kile chenye mti mwepesi kama boya na maua makubwa ya njano, ambacho wavuvi wanakata maboya ya nyavu, kile kilisimama na maji shingoni na kikaendelea kuchanua. Matete nayo yalizama, yakasogea yakaota kwenye mstari mpya wa maji. Maji yaliporudi nyuma matete yakarudi nayo.

Watu wananiuliza kama nilijenga. Nilijenga, mwaka 2018, nyumba ndogo imekaa upande ambao sikuupanga, imepinda kidogo kukwepa kisiki na mkuyu mmoja ulioshika jiwe. Fundi alilalamika sana kuhusu kona. Lakini kiangazi kikali mkuyu ule unaniwekea kivuli dirishani mchana kutwa, na unatoa kuyu zaidi ya mara moja kwa mwaka kwa hiyo popo na ndege hawakosi kitu.

Nilipanda pia mng'ongo mwingine, kwa njia aliyonionyesha Mayu. Ukipanda mbegu hujui utapata dume au jike mpaka uchanue, na hiyo ni miaka mingi ya kungoja. Lakini ukikata tawi nene la jike mwezi wa tisa kabla halijatoa majani, unene kama wa mkono wa mtu mzima, urefu unaokuzidi wewe, ukaliacha siku chache kivulini kidonda kikauke, afu ukalichimbia chini likasimama imara, mvua zikija linashika mizizi, na litakuwa jike kama mama yake. Tulikata kwa mng'ongo wa ndugu yake Mayu kule Kayenze. Tulichimbia matatu, mawili yalioza, moja lipo mpaka leo linanizidi kimo mara mbili.

Na kisiki. Yale machipukizi mawili niliyoyaacha moja lilivunjwa na upepo mwaka wa tatu, la pili likanyanyuka likawa mti. Mwezi wa tisa mwaka 2023 ndo nikaona maua kwa mara ya kwanza. Hayakuwa mashada marefu kama ya dume. Yalikuwa machache, yamekaa kwenye vikonyo karibu na pale majani mapya yanapotokea, na nilipolifungua moja kwa kucha katikati yake kulikuwa na kijidonge cha kijani kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikakaa nalo kwenye kiganja nadhani nusu saa nzima. Mwaka ule vijidonge vyote vilidondoka vikiwa vidogo, na mwaka uliofuata hivyohivyo, nikaanza kuogopa.

Mwaka huu mwezi wa pili zikashika. Ng'ongo haichumwi juu, inaanguka ikiwa kijani bado na inaivia chini, siku chache inakuwa ya njano na inanukia mpaka unaisikia kabla hujaiona, ukiichuma mtini mwenyewe haipati ule utamu. Nilikuwa naamka usiku nikisikia kitu kimedondoka. Zote zilikuwa kumi na moja. Moja mbuzi aliwahi.

Mayu sasa miguu imemkataa, anashinda kwenye mkeka chini ya mwembe wake na macho yamefifia. Nilimpelekea zile kumi kwenye kibakuli. Akachukua moja akaizungusha vidoleni, akainusa, akakaa nayo. Akaniuliza kama nimezichuma au zimeanguka zenyewe. Nikamwambia zimeanguka zenyewe, Mayu. Ndo akaing'ata.